Mfumo Ukizidiwa, Hasara ni ya Nani?

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Septemba, maduka ya steshenari kando ya barabara ya Njiro, kutoka Kijenge hadi karibu na Chuo cha Uhasibu Arusha, hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Ndani ya bahasha mna vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, picha za pasipoti na fomu zinazosubiri mihuri. Wengine wanaomba udahili wa vyuo, wengine mikopo, wengine wanathibitisha chuo kimoja kati ya vilivyowachagua. Yote hayo yanafanyika mtandaoni, na yote yana siku ya mwisho. Siku hiyo ikikaribia, tovuti iliyokuwa inafunguka vizuri wiki nzima inaanza kuzunguka. Mtu anaandika jina na neno la siri, anabonyeza, anasubiri, kisha anaambiwa ajaribu tena baadaye. Baadaye ni lini, na dirisha linafungwa saa 5:59 usiku?

Nimeweka hoja hii mezani: mfumo wa umma ukizidiwa na watu siku ya mwisho, hasara aibebe mwenye mfumo, si mwombaji. Wasemaji wanne nimewatunga mwenyewe ili kila upande upate wa kuusemea kwa nguvu zake zote. Yupo mama mwenye steshenari Njiro, yupo binti mwombaji aliyekulia Ngarenanyuki, yupo mhandisi wa mifumo, na yupo afisa mstaafu aliyetumikia taasisi za umma kwa miaka mingi. Uenyekiti nimeushika mimi. Nina upande wangu, na nitausema.

MWENYE STESHENARI: Naanza mimi, maana ndimi ninayekesha nao. Hawa watoto hawaji kucheza. Mmoja katoka nyuma ya mlima, kapanda gari la alfajiri hadi Usa River, akaunganisha hadi mjini, akaunganisha tena hadi hapa Njiro. Nauli yake ni hela ya nyanya za mama yake. Anakaa kwenye kompyuta, ukurasa wa mbele unafunguka vizuri kabisa, matangazo yote yapo, picha za wakubwa zipo. Akiweka paswedi, inazunguka. Dakika kumi inazunguka. Mara inaandika paswedi si sahihi, na ni ileile aliyoingilia juzi mbele ya macho yangu. Usiku ukiingia analia. Nikimlipisha muda wa kompyuta najiona mwizi, nisipomlipisha mwenye fremu atanidai kodi. Halafu namsikia mtu redioni anasema vijana wa siku hizi wazembe, wanasubiri dakika ya mwisho.

AFISA: Mama, pole, na huyo binti nampa pole. Lakini tusemezane ukweli. Mwaka 2025 Bodi ya Mikopo ilifungua dirisha la maombi Juni 15 na kulifunga Agosti 31. Hiyo ni miezi miwili na nusu. Katika muda huo kuna siku nyingi ambazo seva inakaa haina kazi. Mtu aliyekuja Julai aliingia, akajaza, akalala usingizi. Sasa ukisema hasara ibebwe na taasisi, unamwambia yule wa Julai kwamba bidii yake haina thamani. Na kuna jambo watu hawaliwazi: baada ya dirisha kufungwa, kuna watu wanapaswa kupitia maombi, kuyahakiki, kupanga fedha, na kutoa majina kabla vyuo havijafunguliwa. Kila siku unayoongeza mbele inaliwa nyuma. Mwanafunzi anafika chuoni hajui kama ana mkopo.

MWOMBAJI: Shikamoo mzee.

AFISA: Marahaba, binti yangu.

MWOMBAJI: Naomba nieleze hiyo miezi miwili na nusu inavyokwenda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya dirisha mtu bado hajui kama amefaulu. Cheti changu cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na mwanafunzi aliyefiwa na mzazi anahakiki cheti cha kifo pia. Nikishajaza fomu, naichapisha, naipeleka kwa serikali ya mtaa, kisha kwa hakimu au wakili, ndipo narudi kuskani kurasa zenye saini na kuzipandisha. Mwenyekiti wa kijiji chetu naye ana shamba, humpati kila siku. Ada ya maombi inalipwa kwa namba ya malipo, na mama anaipata hela soko likiwa zuri. Kila hatua ina ofisi yake na siku zake. Nikifika siku mbili za mwisho, mzee, sikukaa bure.

Hapa mwenyekiti anaingilia. Neno uzembe limetumika kirahisi mno katika jambo hili, na halielezi kinachotokea. Foleni ya mwisho inatengenezwa na hatua zilizotangulia. Ukimtaka mtu apite kwenye milango mitano kabla hajafika wa sita, waliochelewa milangoni watakutana wote kwenye ule wa sita siku moja. Mwenye kupanga milango hiyo anajua kalenda. Anajua matokeo yanatoka lini, anajua vijiji vilivyo mbali na mahakama. Wingi wa watu siku ya mwisho unajulikana kabla haujafika, na jambo linalojulikana mapema lina mtu wa kuliandalia.

Mhandisi, tueleze. Kwa nini ukurasa wa mbele unafunguka na mlango wa kuingia unagoma?

MHANDISI: Ukurasa wa mbele ni uleule kwa kila mtu. Seva inautengeneza mara moja, inahifadhi nakala, na kila anayekuja anapewa nakala hiyo. Watu laki moja wanaweza kuusoma bila shida kubwa. Kuingia kwenye akaunti ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu hakuna nakala ya kugawa, kila mtu ana akaunti yake. Ukiandika neno la siri, seva hailinganishi herufi tu. Inalipitisha kwenye hesabu ndefu iliyofanywa nzito kwa makusudi, ili mwizi akiiba kanzidata asiweze kukisia maneno ya siri kwa mamilioni. Njia mojawapo inaitwa bcrypt, ilitolewa mwaka 1999 na Niels Provos na David Mazières, na hadi leo inatumika. Uzito huohuo unaokulinda siku za kawaida ndio unaoielemea seva watu elfu kumi wakifika pamoja. Baada ya hapo kanzidata inaulizwa wewe ni nani, inaandika kwamba umeingia, inatafuta fomu yako ulipoishia. Nayo ina idadi maalumu ya njia za kupitishia maombi kwa wakati mmoja. Zikijaa, waliobaki wote wanangoja. Na kama mfumo unatuma namba ya siri kwa meseji, umeongeza mlango mwingine ulio mikononi mwa kampuni za simu.

MWENYE STESHENARI: Kumbe ni kama lango la Nane Nane pale Themi. Agosti 8 ndani uwanja una nafasi, wenye mabanda wanasubiri wateja, lakini nje watu wamebanana kwa sababu tiketi zinakaguliwa moja moja.

MHANDISI: Ndivyo hasa, mama. Ongeza na hesabu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu simu zinazopigwa kwa wakati mmoja. Nadharia iliyokua kutoka hapo inasema hivi kwa mhudumu mmoja na wateja wanaofika bila mpangilio: akiwa na kazi nusu ya uwezo wake, mteja anatumia kwa wastani mara mbili ya muda wa huduma yenyewe. Kazi ikifika asilimia 90, mara kumi. Ikifika asilimia 99, mara mia. Ndiyo maana mfumo hauchoki polepole ukauona unachoka. Mchana uko sawa, jioni uko sawa, saa mbili usiku haupo.

MWOMBAJI: Na sisi tukirudia kubonyeza?

MHANDISI: Mnaumaliza. Ukingoja sekunde 30 ukarifreshi, ombi la kwanza mara nyingi bado liko ndani linafanyiwa kazi, na jibu lake halina tena wa kulipokea. La pili linaingia nyuma yake, la tatu nyuma ya la pili. Seva inatoa jasho kwa ajili ya watu waliokwisha kuondoka. Kompyuta nne za mama, kila moja na kurasa tano za mwombaji mmoja, tayari ni watu ishirini.

MWENYE STESHENARI: Tufanyeje, kaka? Mwombaji anaona mwenzake kaingia baada ya kubonyeza mara nyingi. Wewe ungekaa umekunja mikono?

MHANDISI: Nisingekaa, na siwalaumu. Aliyejenga mfumo ndiye anayepaswa kumwambia mtu asubiri, na kumwambia mpaka lini. Hilo la kuandika paswedi si sahihi wakati kanzidata imeshindwa kujibu linanikera zaidi kama fundi. Ni uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtu anaamini amesahau, anaomba neno jipya la siri, mfumo unapata mzigo mwingine wa kutuma meseji au barua pepe. Au anajaribu mara kadhaa na akaunti inafungwa kwa usalama, tena usiku ule ambao hakuna ofisini wa kuifungua. Kushindwa kwa seva na kukosea kwa mtu ni habari mbili. Kila mfumo unaweza kuzitofautisha, ni suala la mistari michache ya programu.

AFISA: Sawa, lakini mhandisi anasema kama mtu asiye na bajeti ya kutetea bungeni. Taasisi ikinunua seva za kubeba usiku wa mwisho, siku nyingine zote za mwaka zinakaa zinakula umeme na mishahara. Mkaguzi akija atauliza, na ana haki ya kuuliza. Halafu nani atakisia idadi? Februari 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na walioomba walizidi 135,000. Nipe mtu ambaye angeandika namba hiyo kwenye mpango wa mwaka.

MHANDISI: Uwezo wa ziada siku hizi hukodiwa kwa saa, mzee. Unaongeza seva wiki ya mwisho, unaziondoa wiki inayofuata.

AFISA: Ukakodi wapi? Taarifa hizi ni majina ya watoto, vyeti vyao, vifo vya wazazi wao, kipato cha nyumbani kwao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Huwezi kuamka asubuhi ukazitupa kwenye seva za nchi nyingine kwa sababu jana palikuwa na foleni.

Katika hili Afisa ana haki, na watu wa teknolojia huliruka haraka mno. Umasikini wa mtu ukiandikwa kwenye fomu unapaswa kulindwa kama mali. Lakini jibu lake halifungi mjadala, kwa sababu kuongeza seva si dawa pekee, na nadhani si hata dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni kupunguza watu wanaolazimika kupita mlangoni.

Tazama matokeo ya mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, hutoa matokeo ya kidato cha nne ya watahiniwa zaidi ya 500,000. Nchi nzima inayataka ndani ya saa moja, na pilikapilika huwa kubwa. Lakini kurasa zile zimepangwa kwa shule, ziko wazi, hazidai neno la siri. Zinaweza kunakiliwa na tovuti nyingine, mtu akakwama huku akasomea kule. Mwombaji wa udahili au mkopo hana njia hiyo, na hapaswi kuwa nayo kwa habari zake binafsi. Ila ni mara ngapi tunamtaka mtu aingie kwenye akaunti kwa sababu tu ya kusoma tangazo, kuangalia sifa za kujiunga, au kujua kama fomu yake imefika? Kila mmoja wa hao anakalia nafasi ya yule anayetaka kuwasilisha usiku huo.

Wamarekani walijifunza hili kwa aibu kubwa. Tovuti yao ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013. Waliijenga kwa namna ambayo mtu alipaswa kufungua akaunti ndipo aone mipango ya bima na bei zake. Watu takriban 250,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja, mara kadhaa ya waliotarajiwa, na siku ile ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa sita. Nchi yenye wahandisi wote wale. Hawakukosa fedha, waliweka mlango mahali ambapo hapakuhitaji mlango.

MWENYE STESHENARI: Tuiache Marekani. Jirani zetu Kenya wanafanyaje?

AFISA: Nashukuru umewataja, mama, kwa sababu Kenya inanisaidia mimi. Julai 2023 eCitizen, mfumo wao wenye huduma zaidi ya 5,000, ulielemewa. Viza, tiketi za treni, umeme wa tokeni, vyote vilitikisika. Haukuwa wingi wa wananchi. Lilikuwa shambulio, kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na serikali ikathibitisha kwamba mfumo umerushiwa maombi ya uongo ili uzidiwe. Sasa ukitunga sheria kwamba mfumo ukizidiwa taasisi inalipa, umempa adui funguo. Ataangusha mfumo usiku wa mwisho ili kuvuruga kalenda yako yote. Na kuna siku kosa haliko kwako wala kwa mwombaji. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa siku moja, na intaneti ya Tanzania nzima ikawa ya kubahatisha. Seva ilikuwa nzima, barabara ya kuifikia ndiyo iliyokatika. Nani abebe hasara hapo?

MWOMBAJI: Mzee, unajua Kenya walifanya nini baada ya lile shambulio? Walitangaza kwamba wageni waliostahili viza watapewa wakifika mpakani. Hawakuwaambia warudi kwao kwa kuwa mfumo haukufunguka. Mgeni alifunguliwa mlango mwingine. Mimi raia naomba hichohicho.

Mwenyekiti amemsikia, na anaona binti amegusa kiini cha hoja. Tofauti kati ya mgeni yule na kijana wa Ngarenanyuki haiko kwenye seva. Iko kwenye swali la nani anachukuliwa kuwa ameshafika.

Sheria zetu zinalijua swali hili na zina jibu. Vituo vya kupigia kura Tanzania hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Aliye kwenye foleni saa 10:00 inapofika hafukuzwi. Anapiga kura, hata kama zamu yake itafika giza likiwa limeingia. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakuja saa moja. Amefika ndani ya muda, udogo wa kituo si kosa lake. Foleni inaonekana kwa macho, watu wamesimama, msimamizi anamwona wa mwisho.

Mtandaoni foleni ileile ipo, ila hakuna anayeiona. Binti yuko Njiro, mwingine Ngaramtoni, mwingine Kigoma, wote wamesimama mlangoni saa 4:00 usiku, na kwenye kumbukumbu za taasisi asubuhi yake wote ni watu ambao hawakuomba. Hilo ndilo jambo linalonisumbua kuliko seva ndogo. Mfumo ulioshindwa kumpokea mtu unageuka kuwa ushahidi kwamba hakuja.

MHANDISI: Na foleni hiyo inaweza kuonekana, mwenyekiti. Ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Mbele ya mfumo mzito unaweka ukurasa mwepesi sana, chumba cha kusubiria. Haukuulizi neno la siri, hauigusi kanzidata. Unakupa namba, unaandika saa uliyofika, na unakuambia mbele yako wako wangapi. Mfumo wenyewe unapokea watu kwa kiasi unachoweza, tuseme mia mbili kwa dakika, na haufiki kwenye ile asilimia 99. Mtu akijua zamu yake iko saa moja baadaye haendi kubonyeza. Wamarekani waliweka kitu kama hicho miezi miwili baada ya aibu yao. Na Machi 31, 2014, dirisha lao lilipofika mwisho, waliokuwa wameanza kujiandikisha kabla ya muda kwisha wakakwama waliongezewa muda wa kumaliza. Walichukuliwa kama wapiga kura walio foleni.

AFISA: Na waongo je? Kila aliyelala atasema alikuwa foleni.

MHANDISI: Namba ya foleni ina saa. Anayo au hana. Hata pasipo chumba cha kusubiria, seva ya mbele huandika kila ombi linalogonga, saa na dakika, hata kama ndani hakukujibiwa. Kumbukumbu zile zikitunzwa zinaweza kuonyesha kwamba usiku wa mwisho kati ya saa 2:00 na saa 6:00, sehemu kubwa ya waliojaribu kuingia walishindwa. Hilo likionekana, ongeza saa zilezile nne kesho yake. Huhitaji kuongeza wiki mbili.

AFISA: Saa kwa saa?

MHANDISI: Saa kwa saa. Hata wa Julai hajadhulumiwa, kwa sababu hakuna aliyepata muda zaidi ya ulioahidiwa.

AFISA: Hapo nakuelewa. Mimi nilichokipinga miaka yote ni kuongeza siku kumi na nne kwa tangazo la saa tano usiku, hadi watu wanazoea, mwakani wanasubiri tangazo. Saa kwa saa naweza kuitetea mbele ya mkubwa yeyote. Lakini shambulio na waya wa baharini sikubali viwe deni la taasisi.

MWENYE STESHENARI: Lisiwe deni, mzee, lakini lisiwe la mtoto pia. Waya ukikatika baharini yeye kaukata? Hata tukisema ni kazi ya Mungu, muda unaweza kusogezwa kwa wote. Hakuna anayeomba fidia ya hela hapa. Anaomba saa zake.

Hapa wawili hao hawakukubaliana, na sitawalazimisha. Mimi niko na mama. Wahasibu waliosomea hapo Njiro wanajua kwamba ritani ya kodi ya ongezeko la thamani inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na tarehe hiyo ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Mtunga sheria alikubali kwamba mlango uliofungwa hauwezi kuhesabiwa dhidi ya mtu. Haijalishi umefungwa na sikukuu, na seva, au na waya uliokatika chini ya bahari.

Nirudi kwa binti, kwa sababu kuna jambo la meseji halijasemwa.

MWOMBAJI: Ndiyo. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu uliyojaza wakati wa kuomba. Usipoipata, Tume ya Vyuo Vikuu inaelekeza uingie kwenye mfumo wa chuo na kuomba utumiwe tena. Ni utaratibu mzuri, unazuia mtu kukalia nafasi mbili. Lakini fikiria aliyejaza namba ya simu ya kaka yake, kaka yuko Mererani mgodini. Au laini imepotea. Anarudi kuingia kwenye akaunti, na akaunti haifunguki kwa sababu wote waliokosa meseji wako hapo wakati huohuo. Dawa ya tatizo la kwanza inapita kwenye mlango ambao ni tatizo la pili.

MHANDISI: Ni kweli, na hilo hupimwa kabla. Kabla ya kufungua dirisha, unatengeneza waombaji bandia wa programu, elfu tano, elfu hamsini, unawaruhusu waingie kwa pamoja uone mfumo unavunjika wapi. Ni kazi ya siku chache. Unavunja mwenyewe Mei ili usivunjiwe Agosti. Tatizo ni kwamba mara nyingi mfumo hukabidhiwa wiki mbili kabla ya tangazo, na aliyeukabidhi ameshalipwa.

AFISA: Hilo ni la mikataba, nami naliunga mkono bila masharti. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka mfumo upite siku moja ya mwisho.

Tangu Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, nchi hii ina Mamlaka ya Serikali Mtandao yenye kazi ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Naomba mambo manne kutoka kwao na kwa kila taasisi inayofungua dirisha mtandaoni. La kwanza na kubwa ni chumba cha kusubiria chenye namba na saa, na kanuni iliyoandikwa kwamba aliyepewa namba kabla ya saa ya mwisho atapokelewa. La pili, fomu ijihifadhi yenyewe kila ukurasa, mtu asianze upya kwa kukatikiwa umeme. La tatu, jaribio la mzigo lifanywe kabla ya dirisha na matokeo yake yatangazwe, kwa sababu kinachotangazwa hurekebishwa. La nne halina gharama yoyote: dirisha lifungwe saa 9:00 alasiri siku ya kazi, watu wa msaada wakiwa ofisini na simu zinapokelewa. Sijawahi kusikia sababu nzuri ya kufunga maombi ya maelfu ya watoto saa 5:59 usiku, wakati ambapo hakuna hata mlinzi wa kumuuliza.

Naunga mkono hoja. Mfumo ukizidiwa, hasara ni ya mwenye mfumo, na kiasi chake ni saa zilezile zilizopotea.

Nawe msomaji ambaye mwaka huu una mtoto au mdogo wako anayeomba, msaidie ajaze namba ya simu iliyo mikononi mwake, asiazime ya mtu. Mfumo ukigoma, apige picha ya skrini inayoonyesha saa na tarehe, aandike barua pepe kwa taasisi kabla dirisha halijafungwa, akiambatisha picha hiyo na namba yake ya maombi, na atunze nakala. Asibonyeze mfululizo, afungue ukurasa mmoja tu na kuusubiri. Na akikosa nafasi kwa sababu ya usiku ule, asikubali kuambiwa hakuomba. Aliomba, na ushahidi anao.